Saa 3 ya nani, 20k ya nchi gani

Meseji yenyewe ilikuwa hivi, naiandika kama nilivyoikuta kwenye simu ya shangazi yangu, sijagusa kitu:

"xaxa mamaa, ntk gunia 8 za omena, 2patane kesh 3 hp steji, adv 20k bal ukifika. p1"

Yaani: sasa mama, nataka gunia nane za omena, tupatane kesho 3 hapa steji, natanguliza 20k, inayobaki ukifika, pamoja. Shangazi anauza mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Mzigo anautoa Majanji kule ziwani, na wateja wake wengi ni wa ng'ambo, Kenya, wao wanaita omena. Huyu kastoma alikuwa mpya, namba alipewa na mtu. Basi shangazi akaamka usiku usiku, akatafuta pikipiki za kubeba, saa tatu asubuhi yuko steji na gunia zake nane. Kastoma hayupo. Saa nne hayupo, anapiga simu haipatikani, kumbe mwenzake yuko njiani sehemu haina netiweki. Saa sita mvua ikashuka, na mvua ya huku haipigi hodi. Turubai alilokuwa nalo likatosha gunia tano, tatu zikalowa. Mukene ikishalowa wenye biashara wanajua, inaanza kutoa harufu, inaota ukungu, na bei inayobaki ni ile ya chakula cha kuku.

Kastoma akafika saa tisa mchana, amechangamka kabisa, hana wasiwasi wowote. Kwake yeye 3 ilikuwa ndo hiyo saa tisa. Amewahi.

Na shangazi hasira zake zilianza tangu jana yake, kabla hata ya mvua, kwa sababu ya ile 20k. Vile alivyosoma yeye, mtu anaagiza gunia nane alafu anatanguliza elfu ishirini, akaona huyu ananichukulia mimi ni mtu wa kucheza naye. Mwenyewe alikuja na elfu ishirini za Kenya, ambazo huku kwetu ni zaidi ya laki tano.

Walipoanza kuongea kwa mdomo kila kitu kikajulikana palepale, maana wote wawili Kiswahili chao ni kizuri tu. Wakapatana. Ule mzigo mkavu ukavuka, ule wa maji ukaenda kwa wafuga kuku, na hasara ya gunia tatu akabeba shangazi.

Mimi nilifika kwake jioni akanipa simu nisome mwenyewe. Na pale chini, kwenye kile kisanduku cha kuandikia, kulikuwa bado na maneno aliyoanza kuandika hakuyatuma.

"3 ya"

Nikamuuliza, shangazi sasa hii mbona hukuituma? Akasema, "Mwanangu, nilidhani ni mimi tu nisiyejua Kiswahili."

Ni wiki kadhaa sasa na hiyo sentensi haijanitoka.

## Karatasi za forodha

Mimi hapa mpakani naishi kwa karatasi, nasaidia watu kupitisha mizigo forodha. Siku nzima niko na vifupisho: URA ya mapato Uganda, KRA ya mapato Kenya, TIN ya namba ya mlipakodi, na vingine vingi, na sijaona watu wakigombana kwa sababu ya TIN. Pesa kwenye fomu zinaandikwa kwa herufi tatu, UGX za kwetu, KES za Kenya, TZS za Tanzania, CDF za Wakongo. Huo mpangilio ni wa kimataifa, ulitolewa mara ya kwanza 1978, kwa kawaida herufi mbili za mwanzo zinataja nchi na ya tatu inataja pesa. Saa nayo inaandikwa 15:00, hakuna atakayeisoma akadhani ni asubuhi.

Kwa hiyo nilipoanza kulifikiria hili jambo nilitaka sana kusema ubaya uko kwenye kufupisha. Nikashindwa. Vifupisho ndo vinanilisha mimi, na hata kwenye barua za kawaida sote tunaandika S.L.P., tunaandika n.k., tunaandika Dkt. na Bw., na hakuna aliyewahi kulowesha mzigo kwa sababu ya n.k.

Nikarudi kuiangalia ile k. K ni elfu Kampala, ni elfu Nairobi, ni elfu Dar, hapo hatuna ugomvi. Kilichokosekana ni nchi. Na haikuandikwa kwa sababu anayeandika yuko kwao, pesa iliyo mfukoni mwake ni ya aina moja, haoni kama kuna kitu amekiacha. Lakini Busia ni mji mmoja umekatwa na mpaka, duka hili linataja bei kwa shilingi za Uganda, ukivuka barabara la pili linataja za Kenya, na shilingi moja ya Kenya siku hizi inacheza kwenye 28 hivi za kwetu. Mtu akikosea hapo amekosea mara ishirini na zaidi! Kule Mutukula ni habari hiyohiyo na Watanzania. Alafu juu yake kuna majina ya mtaani, Mtanzania anakwambia buku ni elfu moja, jero ni mia tano, Mkenya ana thao yake ya elfu, ana soo ya mia, ana finje ya hamsini, na mbao kwa Mkenya ni shilingi ishirini wakati hapa mtaani kwetu kuna watu wanauza mbao za kujengea nyumba.

Saa ndo ngumu zaidi, na hapa nilikaa sana. Sote huku tunahesabu saa kuanzia jua linapotoka, Waganda na ssaawa zao ni hivyohivyo, kwa mdomo hakuna anayepotea. Mtu akitamka "saa tatu" umeshajua. Ila simu ina saa yake, ile ya kizungu, na hiyo saa tisa mchana inaandikwa 3 palepale juu kwenye kioo. Sasa ukiandika 3 peke yake umempa msomaji saa mbili achague mwenyewe, na yeye hajui kama anachagua.

Shangazi lakini alijua. Hilo ndo linaniuma. Aliona kwamba hiyo 3 ina njia mbili, akaanza kuuliza, akaacha.

## Herufi 160

Tuliotumia simu za vitufe tunajua hii tabia ilitoka wapi. SMS moja ilikuwa herufi 160, ukizidisha inakuwa mbili na unakatwa ya mbili. Ile ya kwanza kabisa duniani ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, aliyeituma ni mhandisi kijana anaitwa Neil Papworth, na alichoandika ni salamu ya Krismasi tu, haikuhitaji kufupishwa. Lakini Kiswahili maneno yake ni marefu, andika "nitakupigia nikishafika" uone inavyokula nafasi. Na vidole navyo vilikuwa vinachoka. Kwenye zile simu, kupata s unabonyeza 7 mara nne, kupata x unabonyeza 9 mara mbili. Mimi naamini xaxa ina deni fulani kwa hicho kitufe cha 7, sina ushahidi, ila vidole vyangu vinakumbuka.

Sasa hizo sababu zote zimekwisha. WhatsApp haihesabu herufi. Ile kodi ya mitandao tuliyoanza kulipa Julai 2018, shilingi 200 kwa siku, ilikuwa ni ya siku nzima, uandike mstari mmoja uandike kitabu. Ilipoondolewa 2021 wakatuwekea asilimia 12 kwenye bando, na bando linaliwa na video sio na maneno. Hakuna anayeokoa hata shilingi moja kwa kuandika ntk.

Na kuna kitu kimoja kuhusu Kiswahili ambacho sikuwahi kukifikiria mpaka sasa. Tunapofupisha tunatupa irabu, tunabaki na konsonanti, tunaiga vile Waingereza wanavyofanya. Ila Kiswahili kimeweka mambo yake kwenye irabu. Nani anafanya, amefanya lini, amemfanyia nani, vyote viko kwenye vile visauti vidogo vya mwanzo wa neno na kile cha mwisho.

Chukua hii: "nmtuma."

Hapa mpakani nimeiona kwa macho. Mwenye duka alimwandikia mwenzake "nmtuma", alikuwa na maana namtuma, yaani namtuma kijana aje tuzungumze. Mwenzake akasoma nimetuma. Akaelewa pesa imeshatumwa, akaachia mzigo, gari likaondoka. Ilichukua muda mrefu hiyo pesa kupatikana, na katikati hapo watu wawili waliokuwa wanaaminiana wakaitana wezi. Ukiichunguza meseji hakuna aliyedanganya.  Herufi moja au mbili tu zimeondoka na tumepoteza kama pesa iko njiani, au ni mtu yuko njiani.

## Kiswahili cha masikio

Sasa nirudi kwa shangazi, kwa sababu hayo ya k na saa ni rahisi, yana dawa. Lakini kwa nini hakuituma ile "3 ya"?

Hapo mwanzo nilidhani ni haya za kawaida za mtu mzima mbele ya mteja mpya. Baadaye nikaona hapana, kuna kitu cha huku kwetu Uganda, na wasomaji wa Dar na Mombasa inabidi wanivumilie hapa kidogo maana wao hawakukua nacho.

Kwetu Kiswahili kina makovu. Amin alikitangaza lugha ya taifa 1973, na watu wazima wengi wanakumbuka kuambiwa kwa Kiswahili lala chini, leta kitambulisho, fungua mlango. Kikabaki lugha ya kizuizi barabarani. Katiba iliporekebishwa 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima, msingi na sekondari. Hayo ni mazuri na mimi nafurahi sana kuyaona. Ila shangazi yangu na watu wa umri wake hawakupita huko. Wao Kiswahili walikiokota sokoni, kwenye malori, kwa majirani. Wanakiongea vizuri kabisa, atabishana bei na Mjaluo, na Mkamba, na Mhaya, atawashinda wote. Ila shangazi amekiingiza kwa masikio, hajawahi kukaa na ukurasa wa Kiswahili akausoma mpaka mwisho.

Na kifupisho kinadai uwe umeshaliona neno zima. Ili usome ntk lazima kichwani uwe na picha ya "nataka" ilivyoandikwa ndo uchomoe herufi zinazobaki. Mtu wa masikio hana hiyo picha. Anasoma kwa sauti taratibu, "n-t-k", inagoma, anadhani ni neno asilolijua, na kwa sababu maisha yake yote ameambiwa Kiswahili cha Uganda ni kibovu, Kiswahili chenyewe kiko Tanzania na pwani, anajilaumu mwenyewe.

Akilaumu meseji atauliza. Akijilaumu atanyamaza.

Ndo maana haya mambo hatuyasikii. Tunasikia yale ya kuchekesha, skrinshoti zinazunguka, watu wanacheka. Wale waliolipa kimyakimya, aliyesafiri bure, aliyepoteza kastoma, aliyekaa wiki nzima akidhani ametukanwa, hao hawapostiwi popote. Hata bahasha ya dawa, ile wanaandika 1x3. Pale dirishani mhudumu anakueleza kwa mdomo, kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku, unaondoka umeelewa. Alafu unapiga picha unaituma kwa bibi kijijini kwa sababu dawa ni zake, na ile sauti ya dirishani haiendi na picha. Bibi naye anabaki na 1x3 na hataki kuonekana mjinga kwa wajukuu.

## RDC

Nilikuwa nimefika hapo, nimeshajiambia jibu ni moja, tuwatie watu moyo waulize. Ndipo rafiki yangu Mkongo akanieleza ya mama yake, na ikabidi nianze upya.

Huyu mama ametoka Bukavu, mashariki ya Kongo, anaishi kwenye moja ya kambi za wakimbizi kule magharibi. Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, Wakongo ni wengi mno, na kwa wengi wao Kiswahili ndo lugha ya nyumbani. Kwa hiyo kwenye grupu za kambi Kiswahili kinafanya kazi kubwa, kinawaunganisha na sisi wenyeji. Siku moja jioni ikaingia meseji kwenye grupu ya majirani:

"kesh mkutano na RDC saa 4 watu wote wafike bila kukosa"

Mganda yeyote ameshaelewa. RDC ni yule mwakilishi wa Rais wilayani, anakuja, atahutubia, mtakaa juani, mtarudi nyumbani.

Sasa isome kama mtu wa Bukavu. Tangu Zaire ilipobadilishwa jina 1997, kwenye vyeti, kwenye karatasi za shule, kwenye mihuri ya Kifaransa anayoiona, RDC ni jina la nchi yake. Ni Kongo. Ni ile nchi aliyoikimbia usiku na watoto. Na meseji inasema kesho wanakuja, na wote mnatakiwa, bila kukosa.

Hakulala. Alifunga nguo za wajukuu kwenye mfuko, akaweka na karatasi zao za ukimbizi, akatoka nao gizani akaenda kujificha kwa mtu anayemfahamu upande mwingine wa kambi. Rafiki yangu anasema mama alimpigia usiku huo, hakusema kwa nini, alisema tu kama hujanisikia kesho mtafute mdogo wako. Mkutano ulipofanyika yakazungumzwa mambo ya usafi na visima.

Nikamuuliza rafiki yangu, mama hakuweza kuuliza kwenye grupu? Akaniangalia kwa muda. Akasema, amuulize nani? Kwamba aandike mbele ya watu mia mbili asiowajua, jamani hii serikali ya Kongo inakuja kufanya nini? Kwa mtu aliyekimbia alichokimbia, hilo swali lenyewe ni hatari.

Nilikosa la kumjibu. Nilikuwa nimemwona shangazi kama mtu aliyekosa ujasiri kidogo, ukimpa moyo atauliza. Huyu mama wa Bukavu anajua Kiswahili kuliko mimi, alisoma, hana aibu ya lugha hata chembe. Yeye kuuliza kungemweka wazi. Kwa hiyo ukisema watu waulize tu, umesahau kwamba bei ya kuuliza haiko sawa kwa wote, na aliyeandika meseji hawezi kujua bei ya kila anayesoma. Anachoweza kujua ni kile alichokiacha.

Tangu siku hiyo nimeegemea upande wa kusema mzigo ni wa mwandishi. Pale penye pesa, saa, dawa, au amri ya kuitwa mahali, aandike kwa urefu. Na najua nikisema hivyo nitapata upinzani, nimeshaupata nyumbani.

## Mpwa wangu anakataa

Mtoto wa dada yangu yuko Kampala, anashona gomesi na nguo za kitenge, anaziuza kwa simu na wateja anao mpaka Dar. Nilimsomea mawazo yangu haya akanisikiliza mpaka mwisho, alafu akasema, "Anko, mimi ukiniandikia kwa urefu na nukta mwishoni najua umenuna."

Nikadhani anatania. Hatanii. Wenzake wote wako hivyo. Ukiandika "Sawa." na nukta, umefunga mlango. Ukiandika "Nimepokea ujumbe wako" wanaulizana wamekosea nini. Kwa hiyo hata huo urefu ninaoutetea una namna yake ya kueleweka vibaya, na mtu wa rika langu anayedhani anaandika kwa heshima kumbe kwa kijana amekuwa mkali bila kujua.

Akanikumbusha pia ile siku kastoma wa Dar aliandika chini ya picha ya gauni lake, "dada umeua." Mama yake, yaani dada yangu, aliiona akashtuka kweli, ameua nani? Na ilikuwa ni sifa, sifa kubwa, mpwa wangu aliniambia hiyo siku alishona mpaka usiku kwa furaha. Ukimwambia yule kastoma aandike "gauni lako ni zuri sana" atakuwa ameeleweka na kila mtu, lakini kile kitu kilichomfikia binti hakingefika.

Na mimi nani nipinge lugha ya mtaani, mtu wa Busia? Neno boda boda lilizaliwa kwenye mpaka huuhuu, kwa wale waliokuwa wanabeba watu kwa baiskeli kutoka geti la nchi moja kwenda la nyingine, na leo linapanda mpaka kwenye sheria za nchi. Vijana wana haki ya kuwa na maneno ambayo wazazi hawayasomi. Sisi tulikuwa nayo.

Ila nilimuuliza swali moja. Wewe Kiswahili umesoma shuleni, ulipoingia grupu ya Watanzania ulielewa mara ya kwanza? Akanyamaza kidogo. Akasema hapana, alijua ngeli zote, alikuwa anapata alama nzuri, alafu akakuta "cjui", "2po", "jmn", "kbs", akaona anasoma lugha nyingine. Akauliza. Wakamrushia stika za kucheka, moja baada ya nyingine, hawakuwa na ubaya, ni utani wa kawaida. Hakuuliza tena kwa muda mrefu. Alikuwa anaangalia wengine wanajibu nini ndo anafuata.

Hapo tulikaa kimya wote wawili, maana yeye ni msomi wa Kiswahili sanifu na shangazi ni wa sokoni na wote wamefika palepale.

## Tulipofika sasa

Kwenye grupu yetu ya wafanyabiashara hapa mpakani niliomba kitu kidogo. Pesa itajwe na nchi yake, hata ukiandika 20k UG au 20k KE inatosha, sio lazima UGX. Saa iandikwe na asubuhi, mchana, au usiku. Kwanza nilitaka tuandike 15:00 kama forodhani lakini wamama wakasema hiyo hawataki, wao hawahesabu mpaka kumi na tano, na wana haki. Na mtu akiuliza "gani?" au "ya wapi?" ajibiwe, asirushiwe stika. Admini akakubali.

Inaenda nusu nusu. Wakenya wameshika haraka ile ya pesa kwa sababu na wao walikuwa wanaumia. Ya saa inasahaulika kila siku. Kuna mzee mmoja wa mahindi amekataa kabisa, anasema yeye ameuza miaka yote hiyo bila kuandikiwa kama mtoto wa darasa la kwanza, na akisema hivyo kuna wanaomuunga mkono. Simlazimishi. Nimeona tu kwamba tangu tuanze, wamama watatu ambao hawakuwahi kuandika chochote wameanza kuandika, wengine kwa Kiswahili cha l na r zimebadilishana, "nitareta mzigo", na hakuna aliyecheka.

Kambini ni kazi nyingine, huko sina grupu wala sina sauti. Rafiki yangu ndo ameanza. Anaandika orodha ya vifupisho vya Uganda na upande wa pili anaweka vile Wakongo wanavyovijua, ili aliyeingia juzi aipate kwenye simu yake bila kumuuliza mtu yeyote. RDC iko ya kwanza. Imefuata HCR, shirika la wakimbizi ambalo huku tunaliita UNHCR, alafu LC1, uongozi wa kijiji, alafu OPM, ofisi ya Waziri Mkuu. Ameniomba nimpe vya forodha na vya serikali ninavyovijua. Nimemtumia CDF nikamwandikia kwa urefu: kwa Mganda anayesikiliza redio ni Mkuu wa Majeshi, kwa Mkongo ni faranga yake. Akajibu hiyo hakuwa ameifikiria, anaiweka juu karibu na RDC, maana wiki hiyohiyo kuna mtu kwenye grupu alikuwa anauliza nani ana CDF ya kubadilisha.